Saba Gawanya kwa Mbili

Karatasi yenyewe ninayo mpaka leo, nimeibana kwenye daftari langu la mafunzo kwa vitendo. Swali la 4: kompyuta itaandika nini ukiipa amri print 7/2? Mwanafunzi amejibu 3.5. Pembeni kuna X kubwa ya wino mwekundu, na chini yake maneno ya mwandiko wangu: "Jibu ni 3. Soma notisi." X yenyewe hainisumbui sana. Kinachoniuma ni hilo "soma notisi".

Wenzangu wa ualimu mnajua fildi ilivyo. Julai 2025 nilipangiwa shule ya kata, mbali kidogo na barabara ya lami, hela ya fildi ikiwa bado haijaingia. Nilikwenda kama mwalimu wa Hisabati. Kufika, nikakuta mwalimu wa kompyuta kahamishwa tangu Machi na vipindi vyake vimekaa wazi. Mwalimu wa taaluma akaniangalia, akaona kijana wa miaka 22 mwenye laptopu begani, akasema, "Wewe utatufaa." Kuanzia siku hiyo nikawa mwalimu wa kompyuta wa Kidato cha Pili, fundi wa printa ya ofisini, na mtu wa kuulizwa kwa nini simu ya mhasibu haipokei picha.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine 11. Zinazowaka 6. Siku za umeme.

Mada iliyofuata ilikuwa kuandika programu kwa Python, na mimi Python sikuwahi kuisoma darasani. Chuoni tulipita kwenye C, tukagusa Java, nikapata B yangu nikamshukuru Mungu. Ila ualimu ni ualimu. Usiku mmoja kabla ya kipindi nilitoa desa moja nililolikuta kabatini, nakala ya nakala, jalada halipo, kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Nikalisoma kwa tochi ya simu, asubuhi nikaingia darasani kama mtu aliyezaliwa nalo. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Sir, Python si chatu?" Nikamwambia ndiyo, ni chatu. Hata hilo nilikosea. Jina limetoka kwa Monty Python, kikundi cha vichekesho cha Uingereza.

Wiki ya tatu nikatunga jaribio. Umeme hakuna, kwa hiyo jaribio la kompyuta likafanyika kwenye karatasi, jambo ambalo Tanzania hii halimshangazi mtu. Karatasi ya Kiingereza, maelezo ya Kiswahili, kama kawaida. Jioni nikasahihisha karatasi 43 kwa kuzilinganisha na desa. Binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye kwenye Hisabati alikuwa ananimalizia sentensi, nilimpa 11 kati ya 20. Kila mahali pa print alikuwa ameweka mabano ambayo sikumfundisha. Na kwenye swali la 4 akaandika 3.5.

Nilipozirudisha akasimama.

"Sir, samahani. Hapa mbona nimekosa?"

"Kwa sababu jibu ni 3."

"Lakini saba gawanya kwa mbili ni tatu nukta tano, Sir. Umetufundisha mwenyewe."

Darasa likacheka kidogo. Nikamweleza kwamba ile ilikuwa Hisabati na hii ni kompyuta. Kompyuta ikigawanya namba nzima kwa namba nzima inatoa namba nzima, baki inatupwa. Nilikuwa naamini ninachosema. Kwenye C ndivyo ilivyo, na desa likasema vilevile.

"Nimejaribu kwenye simu ya kaka yangu, Sir. Ikaleta 3.5."

Nikamjibu, na naandika hapa jinsi nilivyosema bila kupunguza: "Simu siyo kompyuta. Kaa chini."

Simu ni kompyuta. Nilijua hivyo wakati nasema, na yeye alijua hivyo wakati anakaa.

Umeme ulirudi Jumamosi. Nikaenda peke yangu kwenye chumba cha kompyuta kuandaa kipindi cha wiki inayofuata, nikaandika ile amri kama ilivyo kwenye desa. Mashine ikakataa. Ikaniambia mabano yamekosekana, je, nilikusudia kuandika print(...)? Nikaweka mabano, yaleyale niliyomkosesha mtoto wa watu. Ikaleta 3.5. Nikarudia kwenye mashine ya pili. Ya tatu. Sijui nilitegemea nini, labda kwamba kati ya mashine 6 itapatikana moja ya kunitetea.

Nikamtumia mwenzangu wa chumbani picha ya desa. Yeye anasoma kompyuta tupu. Akanijibu kwa sauti, sekunde ishirini hivi za kicheko kwanza, halafu: "Mwanangu, hiyo ni Python 2. Ilishazikwa 2020. Umetoa wapi hilo kaburi?"

Ningeweza kuishia hapo. Kubadilisha desa, kurekebisha alama kimya kimya, basi. Ila lilinisumbua swali jingine: inakuwaje lugha ya kompyuta ibadilishe jibu la saba gawanya kwa mbili? Nani anaamka asubuhi na kuamua hivyo? Nikanunua bando la wiki na kuanza kufuatilia. Niliyoyakuta ndiyo sababu ya kuwaandikia nyinyi, maana naona wengi tunatumia Python kwenye miradi ya mwaka wa tatu kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni.

Python aliianzisha Mholanzi mmoja, Guido van Rossum, kwenye likizo ya Krismasi ya 1989, akiwa mfanyakazi wa kituo cha utafiti cha CWI kule Amsterdam. Toleo la kwanza la hadharani lilitoka Februari 1991. Kanuni ya kugawanya namba nzima na kutupa baki aliichukua kutoka kwa C, kama mimi nilivyoichukua, bila kuihoji sana. Na tangu mwanzo lugha ilitolewa kwa chanzo huria, maana yake yeyote anaweza kuona ndani ilivyoandikwa, kuinakili na kuibadilisha, bila kumpigia mtu magoti.

Hapo ndipo wanaingia watu wa mradi wa Alice, uliokuwa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Alice ilikuwa programu ya kuwasaidia wanafunzi wasiojua kompyuta watengeneze picha zinazotembea, na ndani yake walitumia Python. Watafiti wakawa wanakaa pembeni kuangalia wanafunzi wanapokwama. Vitu viwili vikajirudia. Kwanza, wanafunzi walichanganya herufi kubwa na ndogo, ambazo kwa Python ni vitu tofauti. Pili, mtu aliandika 1/2 akitarajia nusu, akapata sifuri.

Wangeweza kuwaambia wasome notisi. Badala yake wakafungua Python yao na kuibadilisha, ili 1/2 iwe nusu.

Sentensi hiyo niliisoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo nje ya chumba changu cha kupanga, na nikabaki kimya muda. Tuna kozi nzima ya upimaji na tathmini. Tunafundishwa kwamba wanafunzi wazuri wakikosa swali moja kwa namna moja, lichunguze swali kwanza. Nilipata A kwenye kozi hiyo. Nilijibu kwa kukariri vizuri kabisa, halafu nikaenda darasani na kumwambia mwanafunzi wangu bora akae chini.

Kilio cha wanaoanza kiliingia kwenye hoja za watu wa Python wenyewe. Wao wana utaratibu: anayetaka kubadilisha jambo kubwa anaandika pendekezo, linapewa namba, linawekwa hadharani, watu wanalichana mpaka nyuzi zionekane. La mgawanyo ni namba 238, la Machi 2001, na waandishi wake ni Moshe Zadka pamoja na Guido van Rossum mwenyewe. Yaani aliyeweka kanuni ndiye aliyesaini pendekezo la kuiondoa. Hoja kuu inaeleweka hata kwa asiyejua kompyuta: fomula inayofanya kazi vizuri ukiipa 7.0 inatoa jibu bovu ukiipa 7, tena kimya kimya, bila kukwambia kuna tatizo. Suluhisho likawa kutenganisha. Mkwaju mmoja uwe mgawanyo wa kweli, 7/2 ni 3.5. Anayetaka ile ya kutupa baki aandike mikwaju miwili, 7//2, apate 3.

Rahisi? Wala. Wakati huo dunia ilikuwa na programu nyingi zilizoandikwa kwa kutegemea kanuni ya zamani, na ukibadilisha ghafla zote zinaanza kutoa majibu mengine. Kwa hiyo mikwaju miwili ikaingizwa kwanza, kwenye toleo la 2.2 la mwishoni mwa 2001, na aliyetaka kanuni mpya mapema aliweza kuiomba kwa mstari mmoja juu ya programu yake. Kanuni mpya ikawa ndiyo ya kawaida kwenye Python 3.0, iliyotoka tarehe 3 Desemba 2008. Humo ndimo print nayo ilipopata mabano. Python 2 ilipangiwa kuachwa 2015, ikaonekana watu wengi bado hawajahama, ikasogezwa mpaka Januari 2020.

Nikapiga hesabu. Binti wa dawati la mbele ana miaka 14. Jibu lake lilishapitishwa kuwa sahihi kabla hajazaliwa.

Jumatatu asubuhi nikamweleza mwalimu mwenyeji wangu. Ni mzee wa Hisabati, miaka ishirini na kitu kazini, chaki haimwishi mfukoni, namheshimu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai, akasema, "Kijana, mwalimu hakosei mbele ya darasa. Waambie ulikuwa unawapima kama wako makini." Nikasema, lakini Mwalimu, yule mtoto alijaribu kabisa kwenye simu. Akasema, "Ndiyo maana nakwambia. Ukishaonekana hujui siku moja, hawakusikilizi tena mpaka unaondoka. Na wiki hii wanakuja kukukagua." Walimu wawili waliokuwa pale wakaitikia kwa vichwa. Sikuona kama ni ushauri wa mtu mbaya. Darasa la watu 43 bila mamlaka ni soko.

Msimamizi wetu alikuja siku hiyo hiyo, kipindi cha nne, bila taarifa. Akaketi nyuma, akafungua ile fomu tunayoijua. Nilikuwa na andalio la somo la mada nyingine, safi, lenye malengo mahususi na zana. Nikatamani sana kulifuata. Nikamwona yule binti anaangalia dirishani, tofauti na kawaida yake.

Nikaandika ubaoni 7/2 na 7//2. Nikasema, "Ijumaa niliwaambia jibu la swali la 4 ni 3. Si kweli. Kwa Python ya sasa ni 3.5. Mwenzenu aliniambia, nikamwambia akae chini. Nilikosea somo, na nilikosea kumnyamazisha." Halafu nikamwomba radhi kwa jina. Akainamisha kichwa, mpaka leo sijui kama ni furaha au aibu. Pengine ningeanza kumwita pembeni.

Utulivu haukudumu. Kijana wa nyuma, yule wa chatu, akanyoosha mkono: "Sir, kwa hiyo sisi tuliosoma notisi ndiyo tumekosa?" Na kweli. Watu 31 walikuwa wameandika 3, kama nilivyowafundisha. Upande mmoja ukaanza kusema waondolewe alama, upande mwingine unasema hiyo ni dhuluma. Nikawapa historia. Nikawaambia kulikuwa na watu duniani kote walioandika programu kwa kanuni ya zamani, nao hawakuwa wajinga, walifuata notisi za wakati wao. Wenye lugha hawakuwafuta kesho yake; waliwapa miaka kumi na moja ya kuhama. Basi hapa aliyeandika 3 anabaki na alama yake kwa sababu ndivyo nilivyofundisha, aliyeandika 3.5 anapewa yake kwa sababu ndivyo ilivyo, na kuanzia leo kila mtu anahama. "Miaka kumi na moja, Sir?" "Mpaka Ijumaa." Wakacheka. Binti akatoka kwenye 11 akafika 18.

Fomu ya msimamizi ilirudi na alama za chini kwenye kipengele cha umahiri wa somo. Maoni: "Mwalimu ajiandae vya kutosha kabla ya kuingia darasani." Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Ni kweli sikujiandaa. Alama hizo zitaingia kwenye matokeo yangu ya mwisho, na GPA yangu haikuwa na nafasi ya kuchezewa. Naandika hili ili mtu asije akadhani nilipigiwa makofi.

Tangu turudi chuo nimekuwa mtu wa kufuatilia habari za Python kama wengine wanavyofuatilia usajili wa Simba na Yanga. Kuna mambo humo yangewafaa hata wasiopenda kompyuta. Mfano, uongozi. Kwa miaka mingi Guido alikuwa na neno la mwisho, na kwa utani wakampa cheo cha dikteta mwema wa maisha. Julai 2018, baada ya ubishi mkali juu ya pendekezo namba 572, la alama ndogo tu ya nukta mbili na sawasawa, akasema imetosha, akajiuzulu. Tena hakuteua mrithi. Akawaachia wenyewe waamue watajitawalaje. Mapendekezo ya mifumo kadhaa yakaandikwa, wakapiga kura Desemba, na tangu 2019 kuna Baraza la watu watano linalochaguliwa upya kila toleo kubwa linapotoka. Wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja. Guido aligombea baraza la kwanza akakaa kama mjumbe, mmoja kati ya watano. Waheshimiwa wetu wa serikali ya wanafunzi, kile kifungu cha wawili kwa mwajiri mmoja kinaweza kusomeka pia kama wawili kwa kitivo kimoja. Natania. Kidogo.

Au fedha. Taasisi inayoisimamia lugha, Python Software Foundation, haina utajiri ambao mtu angeudhania. Bajeti yake ya mwaka ni kama dola milioni 5. Oktoba 2025 ilitangaza kuondoa ombi lake la dola milioni 1.5 kwa serikali ya Marekani, za kuimarisha usalama, ombi ambalo lilikuwa limeshapendekezwa kukubaliwa. Masharti ya fedha hizo yangewazuia kuendesha shughuli za kujumuisha watu wa kila aina kwenye jumuiya yao, wakaona bora wakose. Nilimwonyesha mwenzangu wa chumbani, akasema, "Hao wanajeuri." Nikamwambia sisi hapa tunasaini fomu yoyote bila kuisoma ikiwa chini kuna namba ya akaunti.

Huku kwetu nako hawako mbali. Mkutano wa Python wa Afrika ulianzia Accra 2019. Na Novemba 2023 watu wa Django, ambayo ni zana ya kujengea tovuti kwa Python, walifanya mkutano wao wa Afrika hapo Zanzibar. Nilikuwa mwaka wa kwanza, wiki za mwanzo, nikaliona tangazo nikapiga hesabu ya nauli ya boti kwenda na kurudi, nikaona ni msosi wa wiki mbili. Nikabaki bara. Leo najua kwamba Python yenyewe sikuijua, kwa hiyo ningekwenda kula urojo tu.

Toleo jipya lilitoka tarehe 7 Oktoba 2025. Namba yake ni 3.14, na mwalimu yeyote wa Hisabati atajua kwa nini watu walikuwa wanalisubiri kwa tabasamu. Magazeti ya kompyuta yalizungumzia zaidi uwezo wa kutumia sehemu nyingi za prosesa kwa wakati mmoja, ambao sasa umekubaliwa rasmi baada ya kujaribiwa kwenye 3.13. Kwa mashine 6 za shule ya kata jambo hilo halina haraka. Mimi nilipenda kitu kidogo. Ukikosea kuandika neno la lugha yenyewe, mfano while ukaiandika whille, toleo hili linakuuliza: je, ulimaanisha while? Wamekuwa wakiboresha ujumbe wa makosa tangu toleo la 3.10 la 2021. Kuna watu wazima wenye kazi zao wanakaa kufikiria mtoto wa Kidato cha Pili atakosea wapi, na watamwambiaje bila kumtisha.

Ila wanamwambia kwa Kiingereza. Utaratibu wa kutafsiri maelezo ya Python upo, ulirasmishwa 2017, na Kijapani, Kifaransa na Kikorea ndizo zilizotangulia. Nilipofungua orodha ya lugha kutafuta Kiswahili sikukiona. Kwa hiyo jioni za Jumanne tumekuwa watu wanne pale kwenye vimbweta, tukitafsiri sura ya kwanza ya somo la wanaoanza. Tuko taratibu mno. Wiki mbili zimekwisha tunabishania neno moja, lile la herufi zilizofuatana ndani ya alama za mtajo. Mmoja anataka "tungo". Dada wa Kiswahili na Jiografia kasema tungo ni mali ya sarufi, tusimguse. Mimi nimependekeza "mfuatano", nikaambiwa mfuatano tayari ni wa Hisabati. Mhudumu wa kantini alitusikiliza, akasema si muite "maneno" tu. Hatujapata hoja ya kumpinga.

Jumanne iliyopita, katikati ya ubishi huo, simu ikaita. Mwalimu mwenyeji wangu, yule mzee. Hajawahi kunipigia tangu niondoke.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana. Hujambo? Sikia, yule binti wako ana maneno. Anasema ile mikwaju miwili, ukiweka hasi saba kwa mbili, kompyuta inaleta hasi nne. Yeye anasema kama baki inatupwa, ilitakiwa hasi tatu. Nimeangalia kwa macho yangu, ni hasi nne."

Nikafungua laptopu, nikaandika -7//2. Hasi nne kweli. Nikamwomba asubiri, nikageuza karatasi ya tafsiri na kuchora mstari wa namba. Hasi 3.5 iko kati ya hasi 4 na hasi 3. Tulichowafundisha, kwamba baki inatupwa, kinafanya kazi upande wa chanya tu; kompyuta inachofanya ni kushuka, inakwenda kushoto mpaka ikutane na namba nzima. Ukizidisha hasi 4 kwa 2 unapata hasi 8, unabaki na 1 ya kufika hasi 7. Ingekuwa hasi 3, baki ingekuwa hasi 1. Hivi baki ya kugawanya kwa 2 inakuwa 0 au 1 siku zote, hata upande wa hasi. Nikamweleza polepole. Nikasikia chaki inagonga ubao huko aliko.

"Aha," akasema. "Inashuka. Haitupi, inashuka. Basi notisi zako zirekebishe."

"Nitazirekebisha, Mwalimu. Ila yeye ulimjibuje alipokuuliza?"

Akakaa kimya kidogo. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto, kengele ya mapumziko ilikuwa imeshagongwa.

"Nilimwambia sijui," akasema. "Mbele ya darasa. Haya, acha nirudi, wananisubiri."